Fundi Anajibu: Usipige Windows kwa Ugonjwa wa Waya

Mbukwenyi wasomaji. Barua za safari hii karibu zote zinahusu kibodi na mausi, na sishangai. Upepo wetu wa kiangazi ukishaanza, vumbi halibishi hodi: linaingia kwenye chai, linaingia kwenye dagaa wa sokoni Majengo, linaingia kwenye matundu ya nyuma ya kompyuta. Halafu mashine nyingi mnazoniandikia ni za mtumba, zilishachoka kabla hazijafika Dodoma.

Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Lakini kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke. Kabla hujatoa hela ya kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, hakikisha kwanza kama mashine inaiona kibodi kabla Windows haijaamka. Kama haiioni, Windows haina kosa lolote na anayetaka kuipiga upya anakula hela yako bure.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Tulipewa msaada wa kompyuta za mezani za zamani, zile zenye matundu mawili ya mviringo nyuma, moja la kijani na moja la zambarau. Wanafunzi walizihamisha ili wadeki chumba, wakarudishia nyaya huku baadhi ya mashine zimewaka. Sasa mbili zimegoma, zinaandika “Keyboard error or no keyboard present”. Ya tatu inafika mpaka Windows lakini mausi haitembei. Fundi mmoja anasema mazabodi, zile bodi kuu za ndani, zimeungua, mwingine anasema ni virusi, tupige Windows zote. Nimwamini nani? — Mwalimu, Kongwa

Mwalimu, huyo wa virusi mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende zake. Ujumbe huo unaandikwa na BIOS, yaani programu ndogo iliyo kwenye chipu ya mazabodi, sekunde chache baada ya kuwasha. Wakati huo diski bado haijaguswa na Windows haijui kama kumekucha. Hata ukiichomoa diski kabisa, ujumbe utatokea vilevile. Jaribu uone, ni ushahidi mzuri wa kumwonyesha mkuu wa shule akiulizia bajeti.

Huyo wa mazabodi ana chembe ya ukweli, nitamfikia.

Matundu hayo yanaitwa PS/2, jina lililotokana na kompyuta za IBM Personal System/2 za mwaka 1987. Rangi zilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, zambarau ikawa ya kibodi na kijani ikawa ya mausi. Shida ni kwamba matundu yote mawili yana umbo moja na pini sita, kwa hiyo kibodi inaingia kwenye tundu la mausi bila ubishi wowote, ila haifanyi kazi. Kukosea hivyo kwa kawaida hakuunguzi kitu. (Ukikutana na mashine yenye tundu moja tu, nusu kijani nusu zambarau, hilo linapokea yoyote kati ya hizo mbili.)

Anza na zile mbili. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, geuza mashine uone mgongo wake mchana kweupe au kwa tochi ya simu. Linganisha rangi. Halafu chomoa plagi ya kibodi uitazame usoni. Utaona pini nyembamba zimezunguka kipande cha plastiki, na kipande hicho ndicho kinachokuambia upande wa kuingizia. Mwanafunzi mwenye haraka huwa anazungusha plagi ndani ya tundu mpaka iingie, na hapo ndipo pini inapojikunja. Pini iliyolala usiinyanyue kwa koleo, itakatika. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha, chomoa mrija wake mwembamba, uvike juu ya pini hiyo na uirudishe wima taratibu. Kati ya pini sita, zinazofanya kazi ni nne: umeme wa volti 5, ethi, data, na saa inayopanga mwendo wa data. Ikilala moja kati ya hizo, kibodi nzima ni bubu.

Ukisharudisha plagi, washa huku macho yako yakiwa kwenye kibodi, si kwenye skrini. Taa tatu za juu kulia, za Num Lock, Caps Lock na Scroll Lock, zinatakiwa kumulika kwa pamoja mara moja na kuzima. Hapo kibodi inajipima yenyewe. Zikimulika, umeme unaifikia. Kisha bonyeza Num Lock. Watu wengi hawajui kwamba taa ile haiwashwi na kibodi, inawashwa na kompyuta. Kibodi inapeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, kompyuta inarudisha amri kwamba washa taa. Kwa hiyo taa ikitii, mazungumzo yapo kwenda na kurudi, na ugonjwa wako uko mahali pengine. Kipimo hiki hakina gharama na mimi nakiamini kuliko programu nyingi za kupimia.

Taa zisipomulika kabisa, chukua kibodi kutoka mashine inayofanya kazi uichomeke hapo, mashine ikiwa imezimwa. Ikifanya kazi, ile ya kwanza ndiyo mbovu na umeshamaliza. Nayo ikikaa kimya, sasa tumfikie fundi wako wa mazabodi. Matundu ya PS/2 hayakutengenezwa kwa kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa imewaka. Plagi ikiingia kishingo upande, ule umeme wa volti 5 unaweza kugusana na ethi, na mazabodi nyingi zina fyuzi ndogo karibu na matundu hayo kwa ajili ya ajali kama hiyo. Kwa hiyo kilichoungua huenda ni fyuzi tu, kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Nyingine zinajiponya zenyewe zikipoa, ndiyo maana nakushauri uache mashine imechomolewa ukutani kwa saa moja hivi kabla ya kuikatia tamaa. Isipopona, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri wa lehemu anaweza kubadilisha. Msimamie tu asiruke fyuzi kwa kuunganisha kipande cha waya mtupu. Wapo wanaofanya hivyo, mashine inafufuka, wanachukua hela, na shoti ijayo inachoma njia za umeme kwenye mazabodi yenyewe. Hapo sasa ule utabiri wa kwanza utakuwa umetimia.

Kabla ya fyuzi, hata hivyo, angalia kitu cha kijinga zaidi: kitufe kilichonasa. BIOS ikikuta kitufe kimebonyezwa wakati wa kuwasha, inaweza kulalamika kwamba kibodi ina kasoro. Kwenye maabara za shule sababu huwa ni daftari lililolalia kibodi, au punje za mchanga chini ya kitufe. Igeuze kichwa chini, ipige kofi la mgongo, pitisha kidole kwenye vitufe vyote kimoja kimoja ukisikilizia kisichorudi juu.

Ya tatu, yenye mausi isiyotembea, ndiyo nyepesi. Kompyuta inaitafuta mausi ya PS/2 wakati wa kuwaka. Ukiichomeka baadaye, mara nyingi Windows haina habari nayo. Zima, chomeka kwenye kijani, washa. Ikiendelea kugoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, Enter, uone kama mausi imo kwenye orodha na kama ina alama ya njano. Alama ikiwepo, ifute humo humo kwenye orodha kisha uwashe mashine upya ili Windows iitambue tena. Hapa sasa ndipo mambo ya draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuelewana na kifaa, yanapoanza, si kabla.

Utaniuliza kwa nini usinunue kibodi za USB ukaachana na matundu haya. Unaweza, ila kuna mtego. Kwenye mashine za umri huo, kibodi ya USB inatambuliwa na BIOS endapo tu kuna mahali pameandikwa “USB Legacy Support” au “USB Keyboard Support” na pamewekwa “Enabled”. Pakiwa “Disabled”, kibodi ya USB inafanya kazi ndani ya Windows lakini ukitaka kuingia BIOS haikusikii, na kubadilisha hilo kunahitaji kuingia BIOS. Kwa hiyo hata mkihamia USB, mwalimu, hifadhini kibodi moja ya zambarau kabatini.

Kaka fundi, nina stationeri yangu Nkuhungu. Kompyuta yangu ni ya zamani, matundu ya USB yanayofanya kazi ni mawili tu, moja la printa na moja la flashi za wateja. Mausi ya zamani ilikufa, nikanunua mpya ya USB, muuzaji akaniongezea kidude cha kijani cha kuingizia kwenye tundu la mviringo. Taa nyekundu chini inawaka vizuri lakini mshale hausogei hata kidogo. Nimeuziwa mbovu? Watu wa barua za maombi ya kazi wananijazia foleni. — Mama wa stationeri, Nkuhungu

Dada yangu, pole na foleni. Ichomoe printa dakika moja, ingiza mausi moja kwa moja kwenye tundu la USB. Nina hakika kubwa itatembea, maana yake mausi ni nzima na aliyekosea ni kidude.

Kile kidude hakina ubongo. Ukikipasua utakuta nyaya zimetoka pini za upande huu kwenda pini za upande ule, basi. Kinachotakiwa ni mausi yenyewe iwe inajua kuzungumza kwa njia mbili, ya USB na ya PS/2. Zamani zilitengenezwa nyingi za hivyo na kidude kilikuja ndani ya boksi lake. Siku hizi nyingi zinajua USB peke yake. Kidude ni mlango tu, dada. Kumfungulia mgeni mlango hakumfundishi Kigogo. Na taa isikudanganye: kuwaka kwake kunaonyesha mausi inapata volti 5, hakuonyeshi kwamba kompyuta inaielewa. Muuzaji huenda naye hajui, kwa hiyo usiende na hasira. Muulize kama anayo mausi ya PS/2 halisi, yenye plagi ya kijani iliyoshikana na waya wake. Mitumba zipo.

Mimi ningekuwa wewe ningenunua kigawanyio cha USB, kile cha tundu moja kutoa manne. Mausi inakula umeme kidogo sana, tundu la USB la kompyuta ya zamani linaruhusu hadi miliampea 500, na printa yako ina waya wake wa ukutani. Hivyo mausi na flashi zitakaa kwenye kigawanyio kwa amani. Ila mteja akija na diski kubwa ya nje, hiyo ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, usiichanganye na wengine. Na chagua matundu ya mgongoni. Yale ya mbele yanategemea waya wa ndani ambao kwenye mashine kuukuu huwa umelegea, au aliyefungua mara ya mwisho alisahau kuurudisha.

Kwa leo, ili foleni isikukimbie: shika Alt ya kushoto na Shift ya kushoto, kisha bonyeza Num Lock. Kitatokea kidirisha kinachouliza kama unataka kutumia kibodi kuendesha mshale, kubali kwa Enter. Sasa namba za upande wa kulia zinasogeza mshale: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 ndiyo kubofya. Alama ya kujumlisha inabofya mara mbili. Ni polepole, utasonya, lakini barua itatoka. Zaidi ya hapo, Ctrl na P inafungua kuprinti, Tab inakurusha kutoka kisanduku hadi kisanduku, Alt na F4 inafunga. Nawafahamu makarani wa zamani ambao wakikaa kwenye kibodi hawaigusi mausi kabisa, na kasi yao inatia wivu.

Kijana wangu, hujambo? Mimi ni mstaafu, niko Kondoa, ni katibu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki. Naandika mihtasari kwenye kompyuta aliyoniachia mjukuu. Tangu juzi kibodi imekuwa nzito: nikigonga herufi haitoki, mpaka niikandamize na kuisubiri. Nimeipanguza na pamba, wapi. Kuna mtu kaniambia kibodi ikizeeka inakuwa hivyo, kama sisi wazee. Ni kweli? — Mzee wa Kondoa

Shikamoo mzee wangu. Si kweli, na uzee wako usiuhusishe na jambo hili.

Kuna mpangilio ndani ya Windows, unaitwa Filter Keys, uliowekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka. Ukiwa umewashwa, kompyuta inapuuza mguso wa haraka na kukubali ule uliokaa. Unawaka wenyewe ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Nahisi wakati unawaza sentensi ya kuandika, kiganja au kitabu cha kikundi kimelalia Shift hiyo, kompyuta ikapiga mlio, kikatokea kidirisha cha Kiingereza, nawe ukagonga Enter kukiondoa. Kugonga Enter pale ni kukubali.

Shikilia tena Shift ya kulia sekunde nane hadi usikie mlio, kisha andika. Ikirudi wepesi, mwambie mjukuu afungue Control Panel, sehemu ya Ease of Access, azime hiyo njia ya mkato ya Filter Keys. Humo humo azime na ile ya kugonga Shift mara tano, Sticky Keys, maana nayo itakusumbua siku moja.

Na kama ni laptopu, ikitokea siku unaandika “jamii” inatoka “1a055”, usipige simu usiku. Num Lock imewaka na sehemu ya herufi imegeuka kuwa namba. Bonyeza Num Lock, au Fn pamoja na Num Lock, yatakwisha.

Fundi niaje. Nasoma UDOM. Tuna programu ya zamani ya mradi inayokubali Windows 7 tu. Nimeichoma hiyo Windows kwenye flashi, nikaanza kuipiga kwenye desktopu ya jamaa, ikafika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha mausi na kibodi vyote vikafa. Nikirudi BIOS vinafanya kazi fresh. Nini hicho? — Mwanachuo, Dodoma

Poa mdogo wangu. Umeshanirahisishia kazi, maana umepima kwenye BIOS kwanza. Vifaa ni vizima, tatizo ni Windows 7 yenyewe. Flashi ya kupigia Windows 7 haina draiva za USB 3.0. BIOS inapoachia usukani na Windows 7 kuushika, matundu ya USB 3.0 yanakuwa hayajulikani.

Tazama rangi ndani ya matundu. Mara nyingi bluu ni USB 3.0, nyeusi ni 2.0. Hamisha mausi na kibodi kwenye nyeusi. Kama mashine ni ya prosesa za Intel kizazi cha sita (2015) au baada ya hapo, hata nyeusi zinaweza zisisaidie, kwa sababu zote zinapita kwenye njia ile ile mpya. Hapo chungulia nyuma kama mazabodi ina tundu la mviringo. Kibodi ya PS/2 ikichomekwa huko Windows 7 inaijua tangu utotoni, na ukurasa wa lugha utaupita kwa Tab na Enter. Baadhi ya desktopu mpya bado zinalo tundu hilo, wengi hawajui la nini. Lisipokuwepo, utalazimika kutengeneza flashi upya ukiwa umeiingizia draiva za USB 3.0 za mazabodi hiyo.

Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Ukimaliza, mashine hiyo ifanye kazi ya mradi na usiiunganishe na intaneti.

Fundi, salama? Nanunua mahindi na alizeti, ofisi yangu iko jirani na soko la Kibaigwa. Mausi yangu ya waya inaruka ruka, mara iko huku mara kule. Nikiukunja waya kwa namna fulani inatulia, nikiachia inakufa. Nikanunua isiyo na waya, nayo inakatakata. Meza yangu ni ya kioo, kompyuta iko chini mvunguni. — Mnunuzi wa nafaka, Kibaigwa

Bosi wangu, hapo una kesi tatu kwenye barua moja.

Ya kwanza ni meza. Mausi ya taa inatembea kwa kutazama vikwaruzo vidogo vya uso wa meza vinavyopita chini yake. Kioo hakina cha kutazamwa. Weka karatasi nyeupe au kipande cha boksi chini yake leo leo. Halafu igeuze, uchungulie kwenye kile kitundu cha taa. Kwa kazi yako nategemea kukuta pumba za mahindi humo, na unywele mmoja tu ukiziba pale unatosha kuufanya mshale ucheze sindimba. Pamba ya masikioni yenye spiriti kidogo, zungusha, acha ikauke.

Ya pili ni waya. Huo unaotulia ukikunjwa umekatika ndani, na karibu kila mara unakatikia shingoni, pale unapoingia kwenye mwili wa mausi, kwa sababu ndipo unapokunjwa kutwa nzima. Nje ganda linaonekana zima. Nimeifungua ya namna hiyo juzi kwa ajili ya mteja: parafujo moja imejificha chini ya kistika, ndani kuna plagi ndogo nyeupe, na kidogo tu kutoka shingoni ule waya mwekundu umebaki nyuzi mbili zinagusana kwa kubahatisha. Dawa yake ni kukata kipande kibovu chote na kulehemu upya, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, kijani kwa kijani, mweupe kwa mweupe. Piga picha kwa simu kabla ya kukata, maana mausi za bei ya chini hazifuati rangi hizo. Kusema kweli lakini, mausi mpya ya waya haifiki nauli ya basi ya kwenda Dar na kurudi. Mimi nalehemu kwa sababu napenda. Wewe una mizani ya kusimamia, nunua mpya.

Ya tatu, isiyo na waya. Kipokezi chake kidogo umekichomeka nyuma ya mashine, mashine iko mvunguni, na katikati kuna bati. Mawimbi yake ya gigahetsi 2.4 ni dhaifu, na tundu la USB 3.0 likiwa kazini jirani yake linayapigia kelele. Nunua waya mfupi wa kurefusha USB, ulete kipokezi juu ya meza karibu na mkono wako. Na ubadilishe betri, usinicheke.

Fundi, kompyuta ya duka letu la pembejeo hapa Bahi kila asubuhi inarudi mwaka 2002 na kutuambia tubonyeze F1. Kibodi ya USB haifanyi kitu pale, tunaazima ya zamani kwa jirani ndipo tunaendelea. Jioni tunazima mpaka swichi ya ukutani. Tukipiga Windows itapona? — Muuza duka, Bahi

Haitapona. Betri ya mazabodi imekwisha. Ndiyo inayolinda saa na mipangilio ya BIOS mashine ikikosa umeme, na nyie mnaukata kila jioni ukutani, kwa hiyo inafanya kazi usiku kucha. Kuzima swichi si vibaya, umeme wetu tunaujua, ila betri inazeeka mapema. Ikiisha, mipangilio inarudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye mashine yenu mipangilio hiyo ya kiwandani haizitambui kibodi za USB, ndiyo maana F1 haisikiki.

Chomoeni umeme, fungueni ubavu, mtaiona imelala kwenye kikombe chake juu ya mazabodi, duara linalong'aa la milimita 20. Sukumeni kiklipu pembeni itaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu. Mkishaweka mpya, washeni kwa kibodi ya jirani mara ya mwisho, ingieni BIOS, wekeni tarehe, badilisheni “USB Keyboard Support” iwe “Enabled”, hifadhini kwa F10. Betri mtaipata kwa mafundi saa hapa mjini, ulizeni CR2032. Akiwapa CR2025 kwamba zote ni sawa, mrudishieni: ina upana ule ule lakini ni nyembamba, italegea kwenye kikombe na mtarudi 2002.